Usiku wa Kuamkia Alhamisi

Picha ya tiketi iliingia kwenye simu ya mwandishi jioni moja, ikitoka Kanyangi, Kitui. Aliyeituma ni binti wa dada yake, muuguzi kijana aliyepambana na Kijerumani mpaka akakishika, akapata kazi na viza ya Ujerumani, nchi iliyotiliana saini na Kenya makubaliano ya wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 13, 2024. Chini ya picha alikuwa ameandika: "Mjomba, angalia hii. Ni rahisi kuliko zote. Wakala anataka nilipe leo."

Kwa bei, ilikuwa rahisi kweli. Ndege ya kwanza ilimtoa Nairobi ikamshusha Sharjah. Ya pili, ya shirika jingine kabisa, ilimchukua Dubai saa tano baadaye na kumpeleka Frankfurt. Zilikuwa tiketi mbili zilizochapwa kwenye karatasi moja zikaonekana kama safari moja. Kutoka uwanja wa Sharjah hadi wa Dubai ni mwendo mfupi wa teksi. Lakini teksi hiyo iko ng'ambo ya dawati la uhamiaji, na mwenye pasipoti ya Kenya havuki dawati hilo bila viza ya Falme za Kiarabu. Binti alikuwa na viza moja tu, ya Ujerumani. Angekaa ndani ya Sharjah, begi lake likizunguka kwenye mkanda asioweza kuufikia, huku ndege yake ya pili ikijaa abiria wengine Dubai.

"Usilipe," mwandishi akamwandikia. "Nitakupigia."

Kabla ya kupiga alikaa kwanza. Tiketi ile ilikuwa imemrudisha nyuma, kwenye sebule moja ya Kanyangi na tiketi nyingine iliyosomwa vibaya.

Januari 2007 mwandishi alikuwa mwalimu aliyepata nafasi ya kusoma katika chuo kimoja cha Marekani. Wakati huo hapakuwa na ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na nchi hiyo. Ile ya Kenya Airways ya kwenda New York ilianza Oktoba 28, 2018. Njia yake ilipitia Amsterdam na Detroit. Tiketi ilisema: Alhamisi, Januari 4, saa 00:10.

Ukoo mzima uliisoma tiketi hiyo kwa mwanga wa taa ya chemni. Baba, karani mstaafu, ndiye aliyekabidhiwa kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia bomani, na ndiye aliyetoa uamuzi. Sifuri sifuri ni saa sita usiku. Siku ni Alhamisi. Basi ni Alhamisi usiku. Nani angepinga? Alhamisi asubuhi matatu ya kukodi ikajaa: wazazi, shangazi wawili, mchungaji, majirani ambao hawakuwahi kuiona ndege ikiwa chini, na sufuria ya muthokoi iliyofungwa kwa leso. Kwa Vonza, Machakos, Kyumvi, Mlolongo, njia nzima ni nyimbo. Saa mbili usiku walikuwa Embakasi, kama wazee wanavyoendelea kuuita uwanja wa Jomo Kenyatta, wakipongezana kwa kuwahi kwa saa nne nzima.

Msichana wa dirisha la shirika aliitazama tiketi, akamtazama msafiri, akairudia tiketi.

"Ndege hii iliondoka leo," akasema.

"Leo saa ngapi?" baba akauliza.

"Leo usiku. Saa sita na dakika kumi."

"Hiyo bado haijafika."

"Imeshapita, mzee. Ilikuwa jana usiku."

"Mama, si umesema leo?"

Wakabishana hivyo kwa muda, na ukiwapima kwa lugha zao, wote wawili walisema kweli. Kwa mtu wa bara, usiku ni mkia wa mchana uliotangulia: Alhamisi huanza kuku wakiwika, ikaisha watu wakilala. Saa ya viwanja vya ndege hukata usiku katikati, ikaipa siku mpya kipande kilichobaki. Mzee wa Lamu aliyezoea kuanza siku magharibi jua likizama asingekosea. Kwake usiku wa Alhamisi hutangulia mchana wa Alhamisi, na angekuwa Embakasi tangu Jumatano bila kuambiwa na mtu. Kiswahili nacho kina dawa yake, ila hutumika zaidi kutangaza ajali na wizi: usiku wa kuamkia Alhamisi. Kwa kuwa ndege nyingi za Ulaya na Ghuba huondoka Nairobi karibu na saa sita usiku, kila wakala angepaswa kuandika maneno hayo kwa kalamu juu ya tiketi kabla ya kupokea pesa.

Kukosa ndege ya kwanza hakukuwa kukosa ndege moja. Asiyetokea kwenye kipande cha kwanza cha tiketi huhesabiwa kuwa ameiacha safari nzima, na kompyuta hufuta vipande vilivyobaki. Viti vya Amsterdam na Detroit vilikuwa vimekwenda. Ng'ombe dume aliuzwa ili kulipia faini na tofauti ya nauli, na wiki moja baadaye mwandishi akasafiri na wasindikizaji wawili tu. Muthokoi haikupikwa.

Alifika Detroit theluji ikianguka, akiwa na saa moja na nusu ya kubadilisha ndege. Begi lake lilikuwa na kibandiko chenye jina la mji wa mwisho, na aliyemhudumia Nairobi alikuwa amemwambia litafika lenyewe. Kumbe Marekani ina desturi yake: abiria hukaguliwa na uhamiaji katika kituo cha kwanza cha kuingilia, hata kama safari haijaisha, huchukua mizigo yake mwenyewe, huipitisha forodhani, kisha huikabidhi upya. Hata anayepita tu kwenda nchi nyingine anahitaji viza, kwani ruhusa ya kupita bila viza ilisimamishwa Agosti 2003.

Alipobaini hayo alikuwa ameshapoteza dakika ishirini akitafuta lango la ndege ya pili upande usio wake. Akarudi, akalipata begi, na mbwa mdogo wa forodha akaketi kando yake kwa adabu. Ndani mlikuwa na asali na maembe sita. Mti ulikuwa wa nyumbani, msimu ulikuwa Januari, na mama ndiye aliyeyafunga. Katika fomu iliyouliza kama amebeba matunda, mwandishi alikuwa ameweka alama ya hapana, akidhani wanauliza bidhaa za kuuza. Afisa hakufoka. Aliyaandika maembe, akayatupa pipani, akaiacha asali. Ile saa moja na nusu ikaishia hapo.

Embakasi kosa la kusoma saa lilimgharimu ng'ombe. Detroit kosa la maembe lilimgharimu usingizi wa usiku mmoja kwenye benchi. Safari hii alikuwa ameshapanda ndege ya kwanza, na tiketi ilikuwa moja, yenye namba moja. Mhudumu alibofya mara chache, akampa kiti cha asubuhi bila kudai senti. Pale aliyekosa ni abiria, lakini deni la kumfikisha lilibaki kwa aliyemuuzia safari nzima. Angekuwa na tiketi mbili za mashirika mawili, shirika la pili lingemhesabu kama mtu asiyetokea, na la kwanza lingesema kazi yake iliishia Detroit. Penye tiketi mbili kuna nafasi katikati isiyo na mwenyewe. Ikiharibika, abiria ndiye mwenyewe.

Tangu hapo huwaonya watu kuhusu muda ambao kompyuta inaukubali. Kila uwanja una kipimo cha chini cha kuunganisha ndege, kinachotofautiana kwa ukumbi, kwa shirika na kwa aina ya safari, na mashirika hayauzi tiketi moja chini yake. Watu hukiona wakadhani ndicho kinachotosha. Kinamtosha mtu asiye na begi wala maembe, anayelijua lango, na ambaye ndege yake ya kwanza ilitua kwa wakati. Kwa anayeingia Marekani, mwandishi hapendi kusikia chini ya saa tatu. Kwingine, mbili na nusu. Na ndege ya pili isiwe ya mwisho ya siku hiyo, kwa sababu anayekosa ya saa nne asubuhi huenda akapata ya jioni, lakini anayekosa ya usiku ameshachaguliwa benchi.

Basi alipojiona ameelimika, ukaja mwaka 2010.

Susu wa mwandishi, yaani nyanya aliyemlea, alifariki Kanyangi mwezi wa Aprili, na mazishi yakapangwa Jumamosi. Mwandishi alinunua tiketi ya kupitia Amsterdam. Zilikuwapo ndege mbili za kumtoa huko hadi Nairobi: moja mchana, ambayo ingempa saa mbili tu, na nyingine jioni, ambayo ingempa saa tisa. Akikumbuka Detroit, alichagua ya jioni, tena akajisifu. Alitua Amsterdam asubuhi ya Alhamisi, Aprili 15. Alikunywa chai. Aliitazama ndege ya mchana kwenye ubao ikiitwa, ikifungwa, ikipotea. Jioni ilipofika, anga ya Uholanzi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya majivu ya mlima Eyjafjallajökull wa Iceland.

Kufungwa huko kulienea sehemu kubwa ya Ulaya kwa takriban siku sita. Abiria wenye pasipoti za Ulaya, au viza ya Schengen, walitoka kwenda hotelini au kutafuta treni. Mwandishi alikuwa na viza ya Marekani nyuma yake na uraia wa Kenya mbele yake, na pale katikati hakuwa na chochote. Mpita njia mwenye pasipoti ya Kenya hakuhitaji viza ili kubadilisha ndege Amsterdam, mradi asitoke ukumbini. Hakuwahi kufikiri kwamba ukumbi unaweza kugeuka nyumba. Alilala kwenye kitanda cha kukunja kati ya mama mmoja wa Kampala, aliyekuwa akirudi kutoka kumwona mjukuu, na mwanamume wa Lubumbashi aliyekuwa na sabuni na akaigawa kwa kisu. Kiswahili chao cha nchi tatu kilitosha kupanga zamu za kulinda mizigo.

Jumamosi mdogo wake aliishika simu karibu na kaburi. Mwandishi alisikia wimbo, kisha upepo, kisha majembe.

Jumapili televisheni ya ukumbini ilionyesha Nairobi. Maua ya Kenya, ambayo soko lake kubwa ni minada ya Uholanzi, yalikuwa yamerundikana kwenye vyumba vya baridi na mengine yakitupwa. Waridi la Naivasha lilikwama Embakasi likingoja kuja Amsterdam, na yeye amekwama Amsterdam akingoja kwenda Embakasi. Mama wa Kampala alicheka mpaka akafuta machozi.

Ni baadaye sana alipojua kwamba kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 ilimhusu, Mkenya au si Mkenya, kwa kuwa ndege yake ilikuwa ikianzia uwanja wa Umoja wa Ulaya. Kanuni hiyo haitoi fidia ya pesa taslimu kwa janga kama volkano, lakini inataka abiria alishwe na apewe malazi muda wote anaosubiri. Januari 31, 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyotokana na majivu hayo hayo, kwamba wajibu huo hauna kikomo cha siku wala cha fedha. Yeye alipokea kuponi za chakula siku ya kwanza, akashukuru, na hakurudi dirishani kuuliza tena. Huko kwao mgeni haombi mara mbili.

Kwa hiyo saa nyingi si salama daima, na saa chache si hatari daima. Tangu 2010 mwandishi hauulizi tu urefu wa kungoja. Huuliza mahali penyewe: nikilazimika kulala hapa, sheria itaniruhusu kufika kitandani? Uingereza, kwa mfano, humdai Mkenya viza hata ya kubadilisha ndege bila kutoka ukumbini, isipokuwa awe na vibali fulani vya nchi nyingine kama viza ya Marekani. Orodha hizi hubadilika, na anayepaswa kuziangalia ni msafiri mwenyewe, kwenye tovuti ya ubalozi, wiki ileile anayonunua tiketi.

Kuna safari moja iliyoharibika kwa faida yake. Agosti 7, 2013, alfajiri, moto uliteketeza jengo la wageni wanaowasili Embakasi, na ndege zilizokuwa njiani zikaelekezwa Mombasa, Eldoret na kwingineko. Ya mwandishi ilitua Mombasa. Wenzake walinung'unika wakisubiri kupelekwa Nairobi. Yeye, ambaye begi lake lilikuwa la mkononi, alitembea nje, akapanda basi, akashuka Kibwezi, akavuka Mto Athi kuelekea Ikutha na Mutomo. Barabara ilikuwa vumbi tupu. Alifika nyumbani kabla wenzake hawajaiona Nairobi. Mara moja moja inafaa kuitazama ramani na kujiuliza unakokwenda ni wapi hasa. Tiketi ilisema Nairobi, lakini hakuna aliyekuwa akimngoja Nairobi.

Watu wa Kitui walilijua hilo kabla ya tiketi. Misafara ya Wakamba ya pembe za ndovu, kama ile ya Kivoi, mfanyabiashara aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849, ilishuka pwani kwa kupitia nyika kavu. Safari ya namna hiyo hupangwa kwa maji. Asiyejua kisima cha pili kiko wapi haondoki kwenye cha kwanza. Mwandishi hupenda kudhani kwamba Kivoi angeitazama tiketi ya Sharjah na Dubai akaona mara moja kwamba imeruka kisima.

Na kisima cha kwanza ni nyumbani. Tiketi huanza kuhesabu Nairobi, ilhali safari ya mtu wa Kanyangi huanza kwenye mkondo wa mchanga ambao mwezi wa Novemba au Aprili hugeuka mto kwa nusu saa. Desemba 4, 2021, huko Mwingi, basi lililojaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika lilizama, na zaidi ya watu 30 wakafa. Walikuwa wakienda harusini. Hakuna ndege inayostahili kuvukiwa mto wa namna hiyo, na njia ya pekee ya kutoshawishika ni kuwa umeshauvuka jana yake.

Simu ilipopigwa, binti wa dada alikuwa amekasirika kidogo. Wakala alikuwa amemwambia wajomba wa zamani hawajui mambo ya mtandaoni. Walikaa saa nzima wakitafuta pamoja, kila mmoja na simu yake. Iliyopatikana ilikuwa tiketi moja, namba moja, Nairobi hadi Doha hadi Frankfurt, saa tatu za kungoja, ghali zaidi kwa shilingi elfu kumi na tisa.

"Na Doha ikifungwa?" akauliza. Swali halikuwa la mzaha. Juni 23, 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa makombora ya Iran yakielekea kwenye kambi ya Al Udeid, na ndege zilizokuwa zikielekea huko zikageuzwa.

"Ikifungwa utakaa, na utachoka," mwandishi akasema. "Lakini kuna mtu mwenye deni la kukufikisha. Yule wa Sharjah hadaiwi kitu."

"Elfu kumi na tisa za deni, Mjomba?"

"Ng'ombe wa babu yako aliuzwa zaidi ya hapo."

Akacheka, kisha akanyamaza akisoma. Ndege ilikuwa ya Jumamosi, saa 01:25. Wakakubaliana atoke Kanyangi Alhamisi, kwa kuwa mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, alale kwa binamu yake Syokimau, na Ijumaa saa tatu usiku awe ameshapita ukaguzi wa Embakasi. Begi la mkononi libebe vyeti, dawa na nguo ya kubadilisha. Mengine aliyajua kuliko mjomba: alikuwa ameshasoma kwamba Ulaya hairuhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa kutoka Kenya, na kwamba asali ni kilo mbili, isizidi.

Nyuma yake, jikoni, ilisikika sauti ya nyanya yake, mama wa mwandishi, yule yule aliyefunga maembe ya Detroit, akiuliza kama ni Ijumaa au Jumamosi.

"Usiku wa kuamkia Jumamosi, Susu."

Kukawa kimya. Kisha mlango ukafunguliwa, na binti akamweleza mwandishi kinachoendelea: Susu amechukua kaa lililozimika, anaandika ukutani juu ya mtungi wa maji, na ameuliza nani dukani ana mizani isiyodanganya, apime asali.